Uji Peke Yake Haumlei Mtoto

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, huvuna karibu kila kitu cha kuutia nguvu uji wa mtoto: mbaazi, karanga, njugu mawe, ufuta na korosho. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ufuta na korosho huishia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika na mnadani, na mtoto aliyetimiza miezi 6 aghalabu huanzishiwa uji mweupe wa mahindi au muhogo. Ndiyo maana elimu ya malezi imekazania chakula, tena kwa haki: nchini Tanzania, udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 ulishuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Hata hivyo, kilo na sentimita hazisemi yote. Mtoto anahitaji pia kusemeshwa, kuchezeshwa na kuitikiwa, na hayo yanastahili kuhesabiwa kuwa matunzo ya lazima kama uji na chanjo, si ziada ya wenye nafasi.

Sababu imo katika ubongo wenyewe. Mtoto anapokaribia miaka 3, ubongo wake huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na njia zake za mawasiliano huimarika kwa kutumiwa. Kichanga akiguna, mlezi akamtazama na kumjibu, hapo ndipo lugha inapoanza, muda mrefu kabla ya neno la kwanza. Si kwamba watoto wote huenda mwendo mmoja: Shirika la Afya Duniani, lilipofuatilia watoto wa nchi 5, Ghana na Oman zikiwamo, liliona wenye afya njema wakianza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Kwa hiyo kumlinganisha mtoto na wa jirani ni kujitia hofu bure, ila aliyevuka umri huo bila kutembea apelekwe zahanati.

Wapo watakaosema kwamba michezo haimshibishi mwenye njaa. Ni kweli, lakini Jamaica inatupa jibu. Mwaka 1986 na 1987, watafiti jijini Kingston waliwagawa watoto 129 waliodumaa katika makundi: wengine walipewa maziwa ya ziada, na wengine walitembelewa kila wiki kwa miaka 2 na wahudumu wa afya waliowaonyesha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao. Baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha tofauti hiyo. Chakula kinabaki kuwa msingi, ila hakiwezi kufanya kazi isiyo yake.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Msimu wa palizi, mama huondoka alfajiri, na mtoto hushinda mgongoni au kwa bibi na dada. Lakini kumsemesha mtoto hakuhitaji saa ya peke yake. Hufanyika wakati wa kumwogesha, kumlisha na kupepeta nafaka. Kinachohitajika ni mafunzo kumfikia kila mlezi, si mama tu aliyefika kliniki, kwani katika familia za Wamwera na Wamakua mtoto ni wa ukoo mzima.

Na mafunzo ya nyumbani hufanya kazi hapa hapa. Mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ulioendeshwa katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, uliwatumia watu wa kujitolea kutembelea wajawazito na wazazi wapya. Watoto wengi zaidi walinyonyeshwa mapema na kupewa maziwa ya mama pekee siku za mwanzo. Vifo vya watoto wachanga, hata hivyo, havikupungua kwa kiwango cha kuonekana, kwa sababu ushauri hauwezi kuwa mbadala wa huduma bora za uzazi. Somo ni la pande mbili: zahanati ziimarishwe, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waongezewe kazi ya kufundisha mchezo na mazungumzo. Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwaka 2021. Itapimwa kwa kuangalia kama imefika kwa bibi anayebaki na mjukuu msimu wa palizi.