Maporomoko ya mto nayo ni mali, Songea ijifunze Jinja

KWA mkulima au mchuuzi wa Songea, poromoko la mto ni kikwazo tu. Mtumbwi haupiti, gunia la mahindi halivuki na mtoto akilisogelea huitwa arudi haraka. Hata Mskoti David Livingstone na mwenzake John Kirk, walipojaribu kupanda Mto Ruvuma kwa mashua kutoka pwani mwaka 1862, miamba na maji ya kasi viliwalazimisha kugeuza.

Lakini wapo watu wanaotoa fedha zao mfukoni ili wayapitie maporomoko hayo kwa hiari. Wengi huja kwa makundi ya marafiki, wakachangishana gharama za usafiri, malazi na chakula, wakaingia kwenye boti la mpira na kuteremka mto huku wakirushwa na mawimbi. Mchezo huo umejenga biashara kubwa Jinja, nchini Uganda. Nchini Kenya unafanyika Sagana, kwenye Mto Tana.

Biashara ilivyo

Boti moja huchukua watu sita hadi wanane pamoja na kiongozi anayeujua mto. Kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea na kofia ngumu, na hushika kafi. Ukali wa maji hupimwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la sita. Daraja la sita si la watalii. Wakifika hapo hushuka, boti likabebwa nchi kavu hadi chini ya poromoko.

Mwenye boti hali peke yake. Chukua mfano wa kundi la marafiki wanane na kiongozi wao, wanaokaa siku mbili na kula mara tatu kwa siku. Hizo ni sahani 54. Ukikadiria gramu 300 za unga kwa sahani ya ugali, ni zaidi ya kilo 16 za unga, bado maharage, mboga, kuku na matunda. Hapo hujahesabu gesti, bodaboda, mbeba mizigo na kijana wa kulinda gari. Mahindi hayo hayakusafirishwa hata kilometa moja kutafuta soko.

Yaliyoikuta Jinja

Jinja iko kilometa 80 hivi kutoka Kampala, mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Biashara ya maboti ya mpira ilianza huko mwaka 1996. Baadhi ya vijana wa vijijini walijifunza kuogelea na kuendesha mitumbwi midogo ya uokoaji, wakawa viongozi wa safari.

Kisha likaja suala la umeme. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilikamilika na maporomoko maarufu ya Bujagali yakafunikwa na maji. Wenye maboti wakahamia chini zaidi ya mto. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba la megawati 183, nalo likameza sehemu nyingine ya maji ya kasi. Safari zikafupishwa.

Si kwamba umeme haufai. Mashine ya kusaga inauhitaji na karakana ya kuchomelea inauhitaji. Funzo lililopo ni kwamba aliyekuwa akiuza chakula au kukodisha chumba karibu na poromoko anaweza kuamka biashara imehama, wakati jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Kinyume chake, maporomoko ya Kalagala na Itanda yaliwekewa makubaliano ya maandishi kati ya Serikali ya Uganda na Benki ya Dunia mwaka 2007, kama fidia ya yale ya Bujagali. Isimba ilipokuja, makubaliano hayo ndiyo yaliyotumika kama hoja ya kuyatetea.

Songea ina nini

Milima ya Matogoro, jirani na mji wa Songea, ni chanzo cha Mto Ruvuma unaosafiri kilometa 800 hivi hadi Bahari ya Hindi. Hapo pia unaanzia Luwegu, ambao huungana na Kilombero kuunda Rufiji, mto unaojaza bwawa la Julius Nyerere lililoanza kukusanya maji Desemba 2022. Upande wa magharibi Ruhuhu humwaga maji Ziwa Nyasa, na huko umekuwepo mpango wa bwawa la Kikonge kwa ajili ya umeme na umwagiliaji.

Hata hivyo, si kila mto unafaa. Kiangazi Ruvuma hupungua na kuacha mchanga. Masika maji huwa mengi, lakini barabara za vijijini huharibika na wakulima wako shambani. Zaidi ya hayo, Ruvuma na Ruhuhu zina mamba na viboko. Asiingie mtu majini na mpira wa gari akidhani ameanzisha utalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inadai leseni, na usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC.

Pa kuanzia

La kwanza ni kulinda maji yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayelima bustani hadi kwenye maji anapunguza mto wa jirani yake wa chini, uwe wa kumwagilia au wa kupitisha boti.

La pili ni serikali ya kijiji kuorodhesha maporomoko yake, njia za kuyafikia na ardhi inayoyazunguka, na kuyaingiza katika mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mwekezaji akija, awe wa boti au wa bwawa, mazungumzo yaanze na karatasi mkononi: ushuru kiasi gani, vijana wangapi watafunzwa, chakula kitanunuliwa kwa nani.

La tatu ni vijana kujifunza kuogelea na huduma ya kwanza. Ujuzi huo una faida hata kama boti la mpira halitafika, kwa sababu mitumbwi ya kuvusha watu haijaacha kupinduka.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kijiji kinachongoja mkataba usainiwe ndipo kiulize fungu lake, kitakuwa kimechelewa.