Ujerumani Kutoka Dirishani: Reli ya Bonde la Rhine

Sisi watu wa Lindi tunaifahamu Ujerumani kwa mambo mawili. La kwanza ni Vita vya Maji Maji, ambavyo wazee wetu walipigana na kufa humu humu mkoani. La pili ni mifupa ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile, kazi ya uchimbaji ikisimamiwa na Boheti bin Amrani. Reli haikuwapo, hivyo mizigo ikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo, hadi bandarini Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka pale amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake kinapita mita 13.

Miaka hiyo hiyo, wakati wapagazi wetu wakitembea na mifupa ile vichwani, Wajerumani kwao walikuwa wameshazoea kupanda treni kando ya Mto Rhine, ng'ambo zote mbili, kwa karibu nusu karne. Msomaji wa Lionja, Nachingwea au Ruangwa akitaka kuielewa nchi ile ya leo, mimi ningemwanzishia kwenye reli hiyo kabla ya Berlin na majengo yake.

Ujerumani ni ndogo kuliko Tanzania. Eneo lake ni kilomita za mraba 357,000 hivi, zaidi kidogo ya theluthi moja ya letu, lakini ina watu zaidi ya milioni 80 waliogawanyika katika majimbo 16. Rhine ndio mto wake mkubwa wa kazi. Unatoka milima ya Alps kule Uswisi, unasafiri kilomita 1,230 hivi, na unaingia Bahari ya Kaskazini kupitia Uholanzi. Kwa sehemu kubwa unapita tambarare. Ila kati ya miji ya Bingen na Koblenz, kilomita 65, milima imeubana pande zote mbili, ukapita kwenye korongo. Mahali penye upana wa kutosha pana mto, reli, barabara na mstari mmoja wa nyumba, kisha mlima unaanza. Mwaka 2002 UNESCO iliiingiza sehemu hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Reli ya ng'ambo ya kushoto iliunganisha Koblenz na Bingen mwaka 1859. Ya ng'ambo ya kulia ikafuata mwaka 1862. Mtu anaweza kujiuliza kulikuwa na haja gani ya reli mbili zinazotazamana. Wakati ule Ujerumani haikuwa nchi moja. Ng'ambo ya kushoto ilikuwa ya ufalme wa Prussia, na ya kulia, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya mtawala mdogo wa Nassau. Kila mmoja alitaka reli yake na ushuru wake. Nchi ilipokuja kuungana mwaka 1871, ikajikuta imerithi zote mbili, na hakuna hata moja iliyotupwa.

Ukipanda treni ya ng'ambo ya kushoto kutoka Koblenz kuelekea kusini, tafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto, maana huko ndiko uliko mto. Koblenz yenyewe ipo pale Mto Moselle unapoingia Rhine. Hazipiti dakika nyingi unaanza kuona ngome, na hazitakoma mpaka Bingen. Stolzenfels iko juu yako, upande uleule wa treni. Ng'ambo kuna Marksburg, juu ya kilima cha Braubach, ngome ambayo vita vyote vya bonde hili havikufaulu kuibomoa. Kisha mto unapiga kona kubwa kabla ya Boppard, na treni inaifuata kona hiyo kama ilivyo, bila njia ya mkato.

Ngome hizi zilijengwa kwa ajili ya fedha. Kila bwana aliyeshika kipande cha mto alisimamisha mashua na kutoza ushuru. Ngome ya Pfalzgrafenstein, karibu na Kaub, ilijengwa juu ya mwamba katikati ya maji kuanzia 1327 ili chombo kisipite bila kulipa. Mkulima wetu aliyewahi kusimamishwa na gunia lake la ufuta kwenye geti la ushuru wa mazao ataielewa ngome hiyo upesi kuliko mtalii yeyote.

Kati ya St. Goar na Oberwesel ndipo penye uzuri mkubwa zaidi, na pia ndipo penye kazi ngumu zaidi ya wajenzi. Ng'ambo unasimama mwamba wa Loreley, mita 132 juu ya maji. Hapo mto unakuwa mwembamba na kujipinda, na mabaharia wengi walipoteza vyombo. Wajerumani wakasimulia kwamba juu ya mwamba huketi binti anayechana nywele zake za dhahabu na kuimba, na mwenye chombo akimtazama yeye badala ya mawe, amekwisha. Reli imekosa nafasi ya kupita ufukweni, kwa hiyo imetoboa mlima kwa mahandaki matatu yanayofuatana: Bank, Bett na Kammereck. Milango ya baadhi ya mahandaki ya bonde hili ilijengewa minara ya mawe ili yafanane na ngome za juu. Nawaheshimu mafundi wale kwa hilo. Walikuwa wanaleta moshi na kelele kwenye bonde lililopendwa na washairi, na walijua wana deni kwa watu wa pale.

Kwenye miteremko kuna mashamba ya zabibu yaliyopandwa katika ardhi ya mawe yaliyo wima kiasi kwamba mtu huvuna akiwa ameinama kuelekea mlima. Kati ya Koblenz na mji wa Mainz, ulio mbele ya Bingen, hakuna daraja hata moja la kuvukia mto. Watu, magari na wanafunzi huvuka kwa pantoni.

Kilomita 90 hivi za Koblenz hadi Mainz zimewavutia hata watu wasiowahi kufika Ujerumani. Kuna programu za kompyuta zinazompa mtu kiti cha dereva wa treni, na wapenzi wake duniani kote huomba njia wanazotaka zitengenezwe. Njia ya Rhine imo miongoni mwa zilizoingizwa. Usidhani ni mchezo wa kubonyeza na kwenda. Dereva wa Ujerumani hukanyaga pedeli, na kila baada ya muda mfupi, kama nusu dakika, lazima auinue mguu na kukanyaga tena, la sivyo mashine huhesabu kwamba amelala au amezimia, nayo inashika breki. Akipita ishara inayomwambia apunguze mwendo, ana sekunde chache tu za kubonyeza kitufe kuthibitisha kwamba ameiona. Akichelewa, treni inasimama yenyewe. Kijana anayecheza programu hiyo anajifunza kwa vidole vyake jinsi taifa lile lilivyoamua kutomwamini mtu mmoja peke yake na roho za abiria mia kadhaa.

Lakini nisiwapambe Wajerumani kupita kiasi. Mwaka 2024, kati ya treni zao za masafa marefu, ni takriban asilimia 62 tu zilizofika kwa wakati, na wao wenyewe hulalamika juu ya hilo kila siku. Wakazi wa bondeni wana malalamiko yao pia. Treni za mizigo kutoka bandari za Uholanzi na Ubelgiji kwenda Uswisi na Italia hupita hapa usiku na mchana, hasa ng'ambo ya kulia, na korongo hurudisha kila mlio. Watu walipiga kelele miaka mingi mpaka sheria ikapiga marufuku mabehewa ya kelele kuanzia Desemba 2020. Mto nao una hali yake. Oktoba 2018, baada ya ukame mrefu, kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25, na meli zikapita na sehemu ndogo tu ya shehena.

Kinachonigusa mimi ni kwamba reli hii ilipata sababu nyingi za kufa na haikufa. Ilipita vita viwili vikuu. Mwaka 2002 ilifunguliwa njia mpya ya kasi kati ya Köln na Frankfurt, treni zikikimbia kilomita 300 kwa saa kupitia milimani, na treni nyingi za haraka zikaondoka bondeni. Stesheni ndogo za Bacharach na Oberwesel hazikufungwa. Wanafunzi, wafanyakazi na watalii bado wanashuka pale, na tangu Mei 2023 mtu mwenye tiketi moja ya mwezi hupanda treni za mikoa nchi nzima.

Hapo ndipo ninapofikiria kwetu. Wajerumani walitujengea reli ya Tanga, waliyoianza mwaka 1893, na ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hiyo ya Kati, ikitoka Kilosa, inapanda kando ya Mto Mkondoa, nayo hubomolewa na mafuriko mara kwa mara na kutengenezwa tena. Kusini hawakuleta njia kuu. Ya kwetu waliileta Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947. Mwaka 1949 treni ilitoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea, na mwaka 1954 njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Karanga zilishashindwa kabla ya hapo. Mpango ulivunjwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Reli ilijengwa kubeba zao moja, na zao lilipokosekana hapakuwa na wa kuitetea. Ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Ni kipindi kile kile Wajerumani walipokuwa wanatundika nyaya za umeme juu ya reli za Rhine.

Sasa tunalima korosho, ufuta na mbaazi, na vyote vinaondoka kwa malori. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa katika mipango ya serikali kwa muda mrefu, na mimi ni miongoni mwa wanaoisubiri.

Lakini ipo kazi isiyohitaji kusubiri serikali. Wapo wazee wa Nachingwea, Mtama na Mtwara waliopanda treni ile wakiwa watoto, na wapo vijana wetu wanaojua kompyuta. Programu zile zile zinazobeba njia ya Rhine zinaweza kubeba na ya kwetu, stesheni kwa stesheni, kutoka Mkwaya hadi Nachingwea. Aliyeipanda mwaka 1955 akiwa na miaka 10 amezaliwa 1945. Kijana mwenye simu, mfuate mzee huyo wiki hii, umuulize treni ilisimama wapi, stesheni ilikuwa na rangi gani, na tuta lilipita shamba la nani, kisha uandike.