Sauti Inayoiamuru Sauti

Kibanda changu cha kutengeneza redio kiko Bwera, kando ya barabara inayoshuka Mpondwe mpakani. Wateja wengi ni wachuuzi wanaovuka kutoka Kasindi. Huniletea redio zilizoungua, spika za kanisa, na vinanda ambavyo vibonye vyake vimekwama kwa vumbi. Nilidhani nimeshaona kila aina ya kinanda, mpaka studio moja mjini Kasese iliponiita. "Fundi, mashine imekufa," kijana wa studio aliniambia kwa simu.

Nilikuta sinthesaiza, Korg MS-20 mini, toleo dogo la mwaka 2013 la chombo kilichotoka kwanza Japani mwaka 1978. Taa inawaka, vibonye kimya. Upande wa kulia kuna ubao wenye matundu mengi, ukubwa ule ule wa tundu la hedifoni kwenye simu. Katika tundu moja ulining'inia waya ambao ncha yake ya pili haikwenda popote. Niliuchomoa, nikabonyeza kibonye kimoja, na sauti ikajaa chumba kizima. Bisibisi haikutoka mfukoni.

Usiku ule sikulala mapema. Waya usiounganishwa na chochote unawezaje kunyamazisha mashine nzima?

Jibu liko ndani ya tundu. Mtengenezaji ameshaunganisha njia ya kawaida kwa ndani, ili mashine ilie hata bila waya mmoja nje. Lakini matundu kadhaa yana swichi ndogo: pini ikiingia, njia ya ndani inakatika, na mashine inasubiri amri kutoka kwenye waya uliochomekwa. Waya ule ulikuwa umekata amri inayotoka kwenye vibonye, halafu wenyewe hauna la kusema. Hapakuwa na kilichoharibika. Njia tu ilikuwa imefungwa.

Anayeijua skimu ya umwagiliaji ya Mubuku hapa Kasese ataelewa haraka. Chanzo cha sauti huitwa osileta. Kazi yake ni kutoa mtetemo usiokoma, kama mto usiolala. Kutoka hapo sauti hupita kwenye filta. MS-20 inazo mbili: moja hukata sauti nene, nyingine hukata nyembamba. Mwisho kuna amplifaya, na hapa ndipo lango la mfereji lilipo. Likifungwa, maji yapo lakini shamba ni kavu. Ukibonyeza kibonye, sakiti iitwayo envelopu hushika lango hilo: huamua lifunguke kwa kasi gani, likae wazi kwa muda gani, na lifungwe ghafla au polepole. Lango likifunguka upesi na kufungwa upesi unapata mlio wa kugonga, kama wa kibao. Likifunguka taratibu unapata mlio wa kuvuta, kama wa fidla.

Sasa tofautisha waya wa aina mbili, maana wengi hupotelea hapa. Upo waya unaobeba sauti yenyewe, na upo unaobeba amri. Zote mbili hubeba umeme, na kwa macho hutazitofautisha. Vibonye vyenyewe havitoi sauti. Hutuma volti, na osileta hupanda au kushuka kwa kuzifuata. Katika mashine zilizofuata njia ya Mmarekani Robert Moog, aliyeanza kuunda sinthesaiza zake mwaka 1964, kila volti moja inayoongezeka hupandisha sauti okteva moja. MS-20 hufanya vingine: kwa kila okteva volti lazima iwe maradufu, yaani 1, 2, 4, 8. Ukiunganisha mashine mbili za desturi tofauti bila kujua jambo hili, wimbo utapinda na utailaumu mashine bure.

Kuifanya amri itembee ndiyo modulesheni. Chukua osileta ya polepole, inayopanda na kushuka mara tano kwa sekunde. Yenyewe husikii. Ipeleke kwenye osileta kuu, na sauti itatetemeka kama koo la mwimbaji mzee. Ipeleke kwenye filta, na sauti itafumba na kufumbua kama mdomo. Ipeleke kwenye amplifaya, na sauti itavimba na kunywea. Wimbi ni lile lile. Ulichobadilisha ni tundu tu.

Kilichonitikisa zaidi ni mwendo. Mwaka 1967 John Chowning, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akijaribu mtetemo huo kwa kompyuta, akauongeza kasi. Ulipozidi kiasi cha mara 20 kwa sekunde, sikio likaacha kuhesabu na likaanza kusikia rangi mpya: kengele, tarumbeta, bati linalogongwa. Kilichokuwa amri kikawa sehemu ya sauti. Yamaha walinunua haki ya kuutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda kilichosambaa dunia nzima.

Mimi fundi wa redio niliitambua kanuni hiyo mara moja. Redio ya FM ni jambo hilo hilo: sauti ya mtangazaji huusukuma mtetemo wa mawimbi ya kituo juu na chini, kwa mitetemo isiyozidi 75,000 kwa sekunde kila upande. Nimeishi na modulesheni miaka yote hii mezani pangu bila kuiita muziki.

Niliporudi studio nilibeba simu yenye rekodi ya endara, marimba yetu Wakonzo, ambayo vibao vyake hulazwa juu ya magogo ya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. MS-20 ina sehemu inayopokea sauti ya nje na kuigeuza volti. Kufuata kimo cha sauti ya endara ilishindwa, kwa sababu hutarajia sauti moja nayo ilipata nyingi kwa wakati mmoja. Lakini mapigo iliyashika vizuri: kila kibao kilipogongwa, lango lilifunguka. Nilimpelekea mjomba wangu, ambaye amepiga endara tangu ujana, rekodi ya matokeo.

"Endara yenyewe iko wapi?" aliniuliza.

"Haisikiki, mjomba. Ndiyo inayofungua mlango."

Alisikiliza tena. "Hata kwetu yuko anayepiga ili mwingine ajue pa kuingilia," akasema.

Bei ya mashine hizi ni kikwazo kweli. Brian Bamanya wa Kampala, ajulikanaye kama Afrorack, aliona za dukani ni ghali mno, akajitengenezea sinthesaiza ya moduli kwa mikono yake; albamu yake The Afrorack ilitoka mwaka 2022 kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Nimeanza kwa udogo zaidi. Chipu ya 40106 ina miguu 14 na hutoa osileta sita, kila moja ikihitaji rezista na kapasita tu. Mashine yangu ina osileta mbili kwa betri ya volti 9: ya polepole inaiamuru ya haraka, na kitufe cha volyumu kimetoka kwenye redio iliyokufa.

Kwa hiyo, ninyi wa Kasese, Hima na Mpondwe, redio mbovu msizichome. Zileteni Bwera, na vijana wanaopenda kufungua vitu waje nazo.