Mzigo wa Chuo Kikuu na Mzigo wa Shule

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, swali moja huulizwa majumbani mwetu: je, masomo ya chuo kikuu ni magumu kuliko ya shule? Jibu huwa, "Ndiyo, ni magumu mno." Jibu hilo twaliona pungufu, na upungufu wake umewadhuru vijana wasio wachache.

Tumchukue mtoto wa Makongolosi, wilayani Chunya, kaskazini ya Mbeya. Ni mji wa dhahabu. Machimbo ya Lupa yaliwavuta watu wa kila upande katika miaka ya 1930, na hata leo mwanafunzi aendaye shule hupishana na vijana waendao machimboni, ambao siku ya bahati hurudi na fedha. Mtoto huyu, katika shule ya msingi ya serikali, hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, baada ya likizo moja tu, hesabu zageuka Kiingereza, jiografia yageuka Kiingereza, na yule aliyekuwa akinyosha kidole kila mara sasa amenyamaza. Hapa ndipo palipo na mlima mrefu kuliko yote. Wengi huukomea hapo, na shimo la dhahabu liko karibu kuwapokea.

Basi aliyeuvuka mlima huo, chuo kikuu chamtisha kwa nini? Kwa sababu ugumu wake ni wa namna nyingine. Shuleni kengele hulia, majina huitwa, mwalimu huandika ubaoni na mwanafunzi hunakili. Mtihani wa mwisho hutungwa na Baraza la Mitihani, na karatasi za miaka iliyopita zapatikana, hata kijana hodari aweza kuyabahatisha maswali. Chuoni hapana kengele. Mhadhiri husema mbele ya umati wa wanafunzi, hutaja vitabu, kisha huondoka. Maswali huyatunga yeye mwenyewe, na katika vyuo vingi alama 40 katika 100 hukusanywa muhula ukiendelea. Aliyezoea kukesha mwezi wa mwisho hugutuka alama hizo zimekwisha mpita.

Tena kuna fedha za mkopo, ambazo wanafunzi huziita "bumu," kana kwamba ni mlio wa mzinga. Wala hawakukosea, maana hulia mara moja zikatoweka. Kijana ambaye hajapata kushika fedha ya mwezi mzima huzimaliza kwa majuma machache, na mwenye njaa hasomi.

Imam Shafii, ambaye wengi wetu twafuata madhehebu yake, alizaliwa mwaka 150 wa Hijria, akalelewa yatima na mama maskini. Yasimuliwa kwamba alihifadhi Qurani akiwa na miaka saba, na kwa kukosa karatasi aliandika juu ya mifupa. Alipokwenda Madina kusoma kwa Imam Malik, alifika hali amekwisha kuihifadhi Muwatta, kitabu cha mwalimu wake. Hakungoja kufundishwa ndipo asome. Desturi hiyo ndiyo chuo kikuu kinayoitaka, nayo haipatikani siku ya kuandikishwa.

Tumewaona vijana waliorudi nyumbani mwaka wa kwanza, majirani wakasema akili zao hazikufika. Akili zilifika, ndizo zilizowavusha katika Kiingereza cha kidato cha kwanza. Kilichokosekana ni mazoea ya kujiamrisha. Kijana aamkaye kwa sala ya alfajiri pasipo kugongewa mlango ameyaanza mazoea hayo. Lakini yule ambaye mama humwamsha, baba humlipia kila kitu, na mwalimu humpeleka kwa fimbo, tumempeleka chuoni mtupu. Na mabinti ndio twawadhulumu zaidi: twawalinda hata hawajui kupanga matumizi ya juma moja, kisha twashangaa wakitaabika ugenini.

Afadhali mzazi aanze tangu kidato cha tano kumkabidhi mwanawe fedha kidogo za mwezi, wala asimwongezee ziishapo. Na ikitokea habari kutoka chuoni kwamba mtoto ameanguka somo, asikimbilie kumrudisha. Katika vyuo vingi aliyeanguka hupewa nafasi ya kurudia mtihani wa somo hilo. Kwanza amuulize analala saa ngapi, anakula nini, na kitabu gani amekisoma juma hili. Habari za alama zije baadaye.