Kima na Mchuzi Mzito Jikoni Olkaria

Olkaria, kusini ya Ziwa la Naivasha, yajulikana mbali kwa sababu ya mvuke wake. Mafundi walianza kuchimba visima vya majaribio huko mwaka wa 1956, na mwaka wa 1981 mvuke huo ukaanza kutoa umeme. Chini kabisa ya ardhi joto hupita digrii 300. Lakini katika sufuria ya nyumbani mambo ni kinyume: maji ya Olkaria huchemka yakiwa na joto dogo kuliko maji ya Mombasa.

Sababu yake si ya ajabu. Mahali hapo pana urefu wa mita 2,000 hivi juu ya bahari, na kadiri mtu apandavyo, ndivyo uzito wa hewa unaoyakandamiza maji upunguavyo. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100. Ya Olkaria kwa digrii 93 hivi. Wapishi wengi, waonapo nyama imekaa motoni muda wa saa tatu bila kulainika, huongeza makaa. Hiyo ni hasara tupu, maana maji yakisha kuchemka hayazidi joto tena, hata yakirukaruka mpaka kifuniko kianguke. Kinachozidi ni mvuke na gharama ya makaa. Na nyama ya ng'ombe mzee aliyetembea malishoni miaka mingi hudai subira kubwa.

Ndiyo maana kima yafaa sana katika nchi za juu. (Asiyelizoea neno hili asishtuke: si yule mnyama wa mtini, bali ni nyama ya kusaga, na jina lake limetoka kwa Wahindi.) Mashine huzikata nyuzi za nyama kabla ya moto kuigusa, na chakula cha jioni kikawa tayari kwa muda wa saa moja au pungufu.

Hata hivyo kima ina hatari yake. Katika pande zima la nyama vijidudu hukaa juu, na moto huviua upesi. Nyama ikisagwa, vile vya juu huingia ndani. Basi yampasa mnunuzi achague pande la nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, lisagwe mbele ya macho yake, nalo lipikwe siku ile ile. Kima iliyosagwa tangu asubuhi na kuachwa katika sinia la bucha isinunuliwe, ijapokuwa bei yake ni ndogo.

Kwa watu sita nusu kilo yatosha, mradi mchuzi uwe mzito. Nyama hutiwa peke yake katika sufuria yenye mafuta kidogo ya moto. Itatoa maji yake yenyewe. Yaachwe yakauke kabisa, mpaka nyama ianze kulia katika mafuta na kugeuka rangi ya kahawia. Utamu wote umo humo, na wengi huupoteza kwa haraka ya kumimina maji. Tena mafuta hupata moto kupita maji kwa mbali, wala urefu wa nchi hauyazuii.

Kisha hutiwa vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Vikiiva, hunyunyizwa vijiko viwili vya unga wa ngano, ukakorogwa mpaka harufu ya ubichi iishe. Ndipo supu ya mifupa, au maji ya moto, humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, unga usifanye madonge. Nyanya, karoti na chumvi hufuata, na sufuria hufunikwa juu ya moto mdogo kwa dakika 25, mpaka pasibaki chembe ya nyama yenye wekundu. Viazi vya Kinangop vikatwe vidogo, kwa kuwa navyo huchelewa kuiva huko. Wengine watapenda ugali.

Usiku wa Naivasha ni wa baridi, na baada ya kula huwa vigumu kulitoa jiko nje. Litolewe. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Watoto wakilalamika, waongezewe mablanketi.