Utafiti wa Mitetemo katika Kitalu cha Pemba na Zanzibar

Utafutaji wa mafuta kisiwani Pemba ulianza kabla ya Mapinduzi ya 1964, pale BP na Shell zilipochimba kisima cha Pemba-5. Kisima hicho hakikuleta uzalishaji, na kwa miongo mingi suala la mafuta lilikwama katika mjadala wa mambo ya Muungano, hadi Zanzibar ilipotunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016.

Mwaka 2017 kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah ilifanyiwa utafiti wa anga, kisha wa mitetemo baharini. Katika utafiti wa mitetemo, hewa iliyoshindiliwa hufyatuliwa majini na kuzalisha mshtuko. Mawimbi yake hupenya miamba, huakisiwa na matabaka, kisha hunaswa na vipokezi vinavyokokotwa na meli. Muda wa kurejea kwake hutumika kukadiria kina.

Hata hivyo, mitetemo huonesha umbo la miamba tu. Uthibitisho wa mafuta hutokana na uchorongaji. Kwa hiyo, mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji uliotiwa saini Oktoba 2018 ulijengwa juu ya makadirio, si juu ya akiba iliyothibitishwa. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kupima matarajio ya wananchi.