Spika za pande zote: Chumba chako ni nusu ya sauti unayoisikia

KAMINA, Haut-Lomami – Mji huu wa makutano ya reli uliwahi kuipa dunia kwaya. Machi 23, 1958, katika misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bavo, ilisikika kwa mara ya kwanza Missa Luba: maneno ya misa kwa Kilatini, yakiimbwa kwa mitindo ya nyimbo za Katanga na Kasai huku ngoma zikisindikiza. Waimbaji walikuwa wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15, kundi lililoanzishwa hapa na padri Mbelgiji Guido Haazen. Kampuni ya Philips iliitoa kwenye santuri, na miaka kumi baadaye sehemu ya Sanctus ikasikika katika filamu ya Uingereza iitwayo If....

Watu 60 wakiimba pamoja hawatoi sauti kutoka nukta mbili. Sauti ya kila mmoja huenda mbele, pembeni, juu na nyuma, hugonga kuta na kurudi, na masikio yetu hupokea vyote kwa pamoja. Lakini nyumbani kwaya hiyo hiyo tunaisikiliza kupitia maboksi mawili yanayotutazama usoni, au kopo moja la Bluetooth lililowekwa juu ya meza. Ndipo linapokuja swali la spika za pande zote, zile zinazotupa sauti kuzunguka kama taa ya kandili badala ya tochi.

Wazo si geni. Mwaka huo huo wa 1958 kwaya ya Kamina iliimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kwenye maonyesho hayo Philips ilikuwa na banda lililobuniwa na ofisi ya Le Corbusier pamoja na Iannis Xenakis, lenye spika zaidi ya 300 kutani. Muziki wa Edgard Varèse ulitembea juu ya vichwa vya watu kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumbani hakuna atakayetundika spika 300. Njia ya mkato ni kutengeneza spika inayotoa sauti kila upande, kisha kuziachia kuta kazi iliyobaki.

Wabunifu wameijaribu kwa namna nyingi. Bose 901 ya mwaka 1968 ilikuwa na spika ndogo tisa katika kasha moja, moja ikitazama mbele na nane zikitazama ukuta, kwa hiyo haikuwa ya pande zote kamili. MBL ya Ujerumani hutumia vipande vyembamba vilivyopangwa kama maganda ya chungwa, vinavyotanuka na kusinyaa pamoja, na bei yake ni ya gari. Makopo ya bei nafuu mara nyingi huwa na spika moja iliyolala ikitazama juu, na juu yake koni inayoitawanya sauti.

Boksi la kawaida nalo hutawanya, ila kwa upendeleo. Besi hulizunguka na kufika hata nyuma yake. Sauti nyembamba, kama kayamba au herufi "s" kwenye neno, husonga mbele tu. Kwa hiyo anayekaa pembeni husikia muziki uliofifia, na sauti inayorudi kutoka ukutani nayo hufifia vivyo hivyo. Spika ya pande zote huondoa upendeleo huo: ladha ya sauti hubaki karibu ile ile kila unapokaa.

Kinachopungua ni ukali wa taswira. Maboksi mawili mazuri, ukikaa katikati yake sawasawa, hukufanya umwone mwimbaji kwa masikio: huyu kushoto, yule kulia kidogo, ngoma nyuma. Lakini hila hiyo ni ya kiti kimoja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo boksi moja likikukaribia kuliko jingine kwa sentimita 34 tu, sauti yake hukufikia milisekunde moja mapema, na mwimbaji wa katikati anahamia huko. Ubongo huamini sauti iliyotangulia kufika. Kwa spika mbili za pande zote kanuni hiyo haifutiki, ila kwaya huonekana pana na yenye kina, kingo zake zikiwa laini. Atakaye kumnyooshea kidole kila mwimbaji atalalamika. Mimi kwa kwaya nachagua upana, kwa sababu sebuleni kwetu hakuna anayesikiliza peke yake.

Sasa chumba chenyewe. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye urefu wa mita 3, kuta za saruji, sakafu ya saruji, dari ngumu. Ikiwa tupu na imefungwa, hesabu ya Sabine inaonyesha sauti itachukua zaidi ya sekunde 3 kufa. Huo ni mwangwi wa kanisani. Ukiweka humo spika ya pande zote unaumwagia mafuta moto, maana boksi la kawaida lingalau hukulenga wewe kwanza. Ubeti wa pili utaanza wa kwanza haujaisha ukutani.

Dawa yake si ghali. Dirisha la mita moja ya mraba likiwa wazi linameza sauti kama mita 30 hivi za ukuta huo wa saruji. Kila mtu mzima aliyekaa humo humeza karibu nusu ya dirisha hilo. Makochi ya kitambaa, blanketi nzito lililotundikwa kiganja kimoja mbali na ukuta, zulia: vyote husaidia. Kitenge peke yake ni chepesi mno, hugusa sauti nyembamba tu. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia "tatatata" kati ya kuta mbili, usinunue spika kwanza, nunua zulia. (Mvua ya masika juu ya bati lisilo na dari ni kesi nyingine, na hakuna spika iliyowahi kuishinda.)

Mahali pa kuiweka pia pana uzito. Spika ikiwa sentimita 50 kutoka ukutani, sauti inayorudi imesafiri mita moja ya ziada na inakuja na pengo karibu na mtetemo wa 170 kwa sekunde, ndani kabisa ya sauti za kiume. Isogeze walau mita moja kutoka ukutani. Kona ndiyo mbaya zaidi: besi huvimba na kufunika maneno.

Kwa kanisa lenye bati na sakafu ya saruji ushauri ni kinyume. Huko mwangwi upo wa kutosha, na mahubiri yanahitaji spika ndefu za mnara zinazolenga watu na kuziacha kuta.

Na kopo dukani litajaribiwa vipi? Usiweke muziki. Weka taarifa ya habari ya redio, kisha lizunguke polepole. Ikiwa "s" na "sh" za mtangazaji zinafifia ukifika nyuma, maandishi ya kwenye boksi la mauzo yamekudanganya. Kwa kwaya inayojifunza wimbo mpya kutoka simu, waimbaji wakiwa wameketi duara, tofauti hiyo ni kubwa: walioketi nyuma ya boksi la kawaida hupata tuni wakakosa maneno, na Kilatini cha kubahatisha husikika mapema sana Jumapili.